Kupandanisha Vyombo vya Muziki Bila Kuviunguza

Kwenye vibanda vya kuuza nyimbo vya Mwanga, mjini Kigoma, pembezoni mwa barabara ya kwenda Ujiji, nafasi ni adimu kuliko vyombo. Meza ni moja. Kwa hiyo amplifaya inakaa chini, juu yake king'amuzi, juu ya king'amuzi miksa, na juu kabisa kompyuta mpakato iliyobeba nyimbo zote za dukani. Nyuma ya mnara huo kuna stebilaiza, adapta nne na ekstensheni moja iliyojaa. Paa ni bati tupu. Ikifika saa nane mchana mwezi wa Septemba, jua limeshaanza kugeukia upande wa ziwa na kupiga ukuta wa magharibi, amplifaya inakata sauti. Mwenye kibanda anaizima, anaipepea kwa kipande cha boksi, anaiwasha. Inaimba robo saa, inakata tena. Kesho yake inapelekwa kwa fundi, na fundi haoni ubovu wowote, kwa sababu mezani kwake inakaa peke yake.

Mwongozo huu ni wako wewe mwenye mnara wa namna hiyo, uwe wa kibandani, wa saluni, wa studio ya chumbani au wa ofisi ya kanisa ambako vyombo hukaa juma zima vikisubiri Jumapili. Ushauri wangu mkubwa ni mmoja: kabla hujatoa hela ya feni, panga upya. Vyombo vilivyopandana huchemka kwa sababu ya jinsi vilivyokaa na jinsi vilivyounganishwa, na yote mawili unaweza kuyarekebisha mwenyewe kwa nusu saa.

Joto linatoka kwa nani

Vyombo vyote hutoa joto, lakini havilingani. Mkosaji mkuu ni amplifaya ya mtindo wa zamani, ile nzito yenye transfoma kubwa ndani, ya daraja AB. Kwa sauti ya kawaida ya kusikilizia, zaidi ya nusu ya umeme inaouvuta haufiki kwenye spika. Unabaki kwenye transista na kugeuka joto. Ikivuta wati 100 ukutani, hesabu kwamba zaidi ya 50 zimebaki ndani ya boksi. Hata ukinyamazisha muziki haipoi kabisa, kwa kuwa transista zake hupitisha umeme kidogo muda wote. Tuseme yako huvuta wati 50 ikiwa kimya. Ukiiacha imewaka saa 12 kwa siku, hizo ni uniti 0.6 za LUKU, yaani uniti 18 kwa mwezi, ambazo umezinunua ili zikipashe moto king'amuzi kilichokaa juu yake.

Amplifaya za daraja D, zile nyepesi ambazo ukizibeba unadhani ndani hamna kitu, hupeleka kwenye spika karibu asilimia 90 ya umeme zinapofanya kazi kwa nguvu. Hizo hazikupi kazi kubwa. Sabufa za bei ndogo ziko katikati: nyingi zimejengwa kwa aisii ya TDA2030, ambayo nayo ni ya daraja AB lakini ya wati 14 hivi, na joto likiizidi hujizima yenyewe hadi ipoe. Kukata sauti kwa saa nane mchana mara nyingi ni kinga ya namna hiyo. Chombo bado ni kizima, ila kinajiokoa, na kila kinapojiokoa kimeshazeeka kidogo.

Halafu kuna vidogo. King'amuzi hula wati 10 hivi, na wengi tunakizima kwa rimoti tu, kikaendelea kula na kupata joto usiku kucha. Adapta ya kompyuta huchemka ikichaji. Stebilaiza ina transfoma yake. Intafesi ndogo ya kurekodia, ile inayopata umeme kwa waya wa USB, inaweza kuvuta wati 2.5 tu, lakini ukiishika utaikuta na joto, kwa sababu kasha lake la chuma ndilo linalolitoa joto nje. Hilo lisikutishe. La kukutisha ni ukiikuta imelazwa juu ya amplifaya na kufunikwa na daftari la mashairi.

Hapo ndipo mnara unapoharibu mambo. Chombo cha juu hakivuti tena hewa ya chumba, kinavuta hewa iliyotoka kwa mwenzake. Viwanda vingi huandika kwamba miksa au intafesi ifanye kazi kwenye hewa isiyozidi nyuzi 40. Chumba chako chenye bati tupu tuseme kina nyuzi 33, na hewa inayotoka kwenye matundu ya amplifaya ina 45 au 50. Miksa iliyokaa hapo imevuka kikomo kabla haijawashwa, na ikiwashwa itaongeza joto lake.

Kinachotangulia kufa mara nyingi ni kapasita, vile vikopo vidogo vyenye majimaji ya kemikali ndani. Mafundi wana kanuni yao, si sahihi kabisa lakini inasaidia: joto likipungua nyuzi 10, umri wa kapasita huongezeka mara mbili, na likipanda nyuzi 10, umri hukatika nusu. Chukua kapasita iliyoandikwa nyuzi 85 na saa 2,000. Ikikaa kwenye nyuzi 65 itadumu saa 8,000 hivi, na ikikaa kwenye 55 itafika saa 16,000. Kwa kibanda kinachofunguliwa saa 12 kila siku, ya kwanza haifikishi miaka miwili, ya pili inapita mitatu na nusu. Dalili zake unazijua: king'amuzi kinachowaka na kuzima chenyewe, redio yenye mvumo usioisha, na ukifungua boksi unakuta vikopo vimevimba kichwani.

Nani akae juu

Kama meza ina nafasi, laza vyombo ubavu kwa ubavu na mnara usiwepo kabisa. Najua mnara unapendeza, taa zikiwaka zimepangana zinavuta macho ya wapita njia, na biashara ya nyimbo ni ya macho pia. Ila hakuna mteja anayekuja kutazama king'amuzi. Kitundike ukutani kwenye kirafu chake na umeshaondoa ghorofa moja.

Ikibidi kupandisha, chombo chenye joto kuliko vyote kikae juu kabisa na pasiwe na kitu juu yake. Hewa ya moto hupanda, iache ipande iende zake. Chini yake vikae vile visivyo na makuu: ekolaiza, deki, krosova. Kinachokataza mpango huu ni uzito. Amplifaya ya kilo 12 juu ya deki ya plastiki itaikandamiza, na lori likipita barabarani meza ikatikisika, mnara unahama. Kwa hiyo amplifaya nzito isikae juu ya chombo kingine, ikae juu ya rafu inayojitegemea. Nenda kwa mafundi wa kuchomelea, wakukatie anglaini za miguu minne na rafu mbili au tatu za wayameshi. Usikubali wakuwekee ubao wala bati, kwa sababu vyote viwili huifunga hewa ya chini isifike juu. Kati ya kichwa cha chombo na rafu inayofuata acha angalau sentimita 10. Kwa amplifaya kubwa acha zaidi, maana vitabu vya baadhi ya viwanda huomba hata 30. Nyuma acha nafasi ya mkono wako kupita bila kusukuma nyaya.

Huna hela ya rafu mwezi huu? Basi amplifaya ikae chini, ila kiinue chombo kilicho juu yake. Miguu ya raba ya chombo huacha mwanya wa milimita 5 hadi 10, ambao kwa matundu ya amplifaya ni sawa na kufunikwa. Kata vipande vinne vya mbao vya urefu wa sentimita 5, vilingane, uviweke kwenye pembe. Vifuniko vya soda, ambavyo vimetapakaa Mwanga nzima kwa kazi hii, ni vifupi mno, tena huteleza. Kisha chungulia kwenye matundu kwa tochi ya simu. Amplifaya nyingi zina upande mmoja wenye hitisinki, lile bati nene la alumini lenye mapezi, na upande mwingine wenye transfoma. Upande wa hitisinki ndio unaotoa moto. Usogeze mzigo wa juu uelekee upande wa pili.

Hapo kuna mtego mmoja. Sumaku ya transfoma huingia kwenye saketi za maiki na kukupa mvumo mzito ambao hakuna programu itakayoutoa bila kuharibu sauti ya mwimbaji. Kwa hiyo king'amuzi au deki ikae upande wa transfoma, lakini miksa na intafesi ya kurekodia zihame kabisa, zikae mezani mbele yako, ambako kwa kweli ndiko mikono yako inakozitaka.

Kompyuta mpakato nayo ishuke kutoka juu ya mnara. Nyingi huvuta hewa kwa chini, na zikivuta hewa ya amplifaya prosesa hupunguza mwendo ili isiungue. Wewe utaisikia kama sauti inayokatikakatika wakati wa kurekodi, utabadilisha programu, utabadilisha waya, utamlaumu aliyekuuzia, na wala hutawaza kwamba kosa liko chini ya kompyuta. Ila diski ya nje ndiyo ya kuhurumiwa zaidi. Zile za mtindo wa sahani inayozunguka kikomo chake cha kawaida ni nyuzi 60, na hazikati sauti kukuonya. Zinakufa na midundo yako yote. Iweke kwenye droo iliyo wazi, au mwisho wa meza, popote pasipo na joto la mwingine.

Nyumbani kuna adui wa peke yake, kitambaa cha kufuma. Mazungumzo kwa fundi redio huwa hivi:

"Shikamoo, fundi. Redio yetu inakata."

"Marahaba, mwanangu. Juu yake mmeweka nini?"

"Kitambaa tu."

"Na juu ya kitambaa?"

"Maua ya mama."

"Na mlango wa kabati huwa wazi au mnaufunga?"

"Tunaufunga. Watoto."

Fundi amemaliza kazi bila kushika bisibisi. Mama hataki kuondoa kitambaa, na ana haki, amekifuma mwenyewe. Kipelekwe juu ya spika. Boksi la spika halina transista, isipokuwa lile la sabufa yenye amplifaya ndani, ambalo huwa na bati la moto nyuma. Kabati la kioo likibaki limefungwa, toboa matundu mawili mgongoni, moja chini na moja juu, la juu liwe pana kama kiganja. Na chini ya redio lisitandikwe zulia wala taulo. Vyombo vingi huvuta hewa kwa tumboni, na kitu laini huziba mwanya wa miguu.

Wenye studio za chumbani mna trei za mayai na mablanketi ukutani. Trei za mayai huzuia sauti kidogo sana, hilo ni somo la siku nyingine. Zinachofanya vizuri ni kushika moto. Sehemu ya ukuta iliyo nyuma na juu ya amplifaya ibaki tupu, iwe saruji au matofali.

Joto unalojitengenezea kwa nyaya

Unaweza kupanga mnara kama kitabu kinavyosema na bado ukachemsha, kwa sababu ya kilichounganishwa nyuma. Kosa ninalolikuta mara nyingi ni idadi ya spika. Amplifaya imeandikwa kwamba inataka spika za omu 4 au zaidi. Mwenye duka ana spika nne za omu 8, anazifunga zote sambamba ili sauti ifike ng'ambo ya barabara. Spika nne za omu 8 zikifungwa sambamba ni omu 2. Kwa sauti ile ile, transista sasa zinasukuma umeme mara nne ya ule wa spika moja, na hitisinki yake haikutengenezwa kwa mzigo huo. Hakuna feni itakayokuokoa hapo.

Tiba ni waya. Funga spika mbili kwa mfululizo, chanya ya moja kwenye hasi ya nyingine, upate omu 16. Funga nyingine mbili vivyo hivyo. Kisha unganisha jozi hizo mbili sambamba, unarudi kwenye omu 8. Utapoteza sauti kiasi, kweli. Ukitaka irudi, igeuze spika iangalie watu badala ya kuangalia bati la jirani. Wengi hawajaribu hili, na wanaendelea kuongeza volyumu mpaka sauti inapasuka. Sauti iliyopasuka huunguza vispika vidogo vya juu na kuchemsha amplifaya kwa wakati mmoja.

Kosa la pili liko kwenye kibandiko cha nyuma. Vyombo vya mtumba kutoka Japani vinapendwa, na kwa sauti vinastahili kupendwa, lakini vimeandikwa volti 100. Transfoma za kushushia umeme zinazouzwa madukani kwa kawaida hutoa 110, tena hiyo ni pale ukutani panapokuwa na 230. Umeme ukipanda hadi 250, chombo chako cha volti 100 kinapata karibu 120. Transfoma yake ya ndani itavuma na kupata joto hata kama hujacheza wimbo. Ukinunua cha Kijapani, tafuta ya kushushia iliyoandikwa 100 kamili, na uiweke sakafuni, nje ya mnara.

Kwa miaka mingi mji wa Kigoma uliishi kwa majenereta ya dizeli ya TANESCO, nje ya gridi ya taifa, na watu wa hapa tulijua stebilaiza kabla ya kujua feni. Stebilaiza bado ina kazi. Umeme ukishuka hadi 180, amplifaya ya zamani itapungua nguvu tu, lakini king'amuzi na adapta za kompyuta hufidia kwa kuvuta ampea nyingi zaidi, nazo zinachemka. Sharti ni lile lile: stebilaiza isiwe ghorofa ya mnara. Na inveta za sola za bei ndogo, zile ambazo mawimbi yake ni ya ngazi ngazi, huzifanya transfoma zivume na zipate joto kupita kawaida. Ukisikia amplifaya inaunguruma ikiwa kwenye inveta na kunyamaza ikirudi kwenye umeme wa kawaida, usiiache hapo mchana kutwa.

Feni, vumbi na mijusi

Ukishapanga, ukishaunganisha vizuri, na bado kuna joto, sasa nunua feni. Bora zaidi ni feni ya kompyuta ya sentimita 12, ya volti 12, ambayo mafundi kompyuta huitoa kwenye mashine zilizokufa. Hula wati mbili tatu. Ukiipa volti 12 itapiga kelele, ukiipa 9 kutoka kwenye adapta ya zamani itanong'ona na bado itasukuma hewa ya kutosha. Wenye sola wanaweza kuifunga moja kwa moja kwenye betri. Kwenye fremu yake mara nyingi kuna mshale unaoonyesha hewa inakokwenda. Ukikosa mshale, upande wenye vijiti vinavyoshika mota ndio unaotoa hewa.

Iweke isaidie hewa kwenda inakotaka kwenda yenyewe, yaani juu na nje. Ilaze juu ya matundu ya amplifaya ikivuta kwenda juu, ikiwa imeinuliwa kidogo kwa vipande vya raba isitetemeshe bati, au ifunge kwenye tundu la juu la kabati itoe hewa nje. Feni inayopuliza ndani ya kabati lisilo na tundu la kutokea inazungusha moto ule ule. Kwa studio, usiifunge kwenye adapta moja na intafesi. Adapta za bei ndogo hutia mlio mwembamba kwenye maiki, na utautafuta mlio huo mpaka alfajiri.

Mahali pa mnara chumbani nako kuna uzito wake. Hapa jua la jioni linatua upande wa ziwa, juu ya milima ya Kongo, kwa hiyo ukuta wa magharibi huhifadhi joto hadi usiku. Mnara usiuegemee. Mchana upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu, basi dirisha la upande huo liwe wazi na mnara uwe kando ya njia ya upepo. Usiuweke katikati ya njia hiyo, kwa sababu ya vumbi.

Vumbi jekundu la kiangazi ni blanketi la pili la amplifaya. Hukaa kati ya mapezi ya hitisinki, na kama jirani yako anakaanga samaki au mihogo kwa mawese, ule mvuke wa mafuta hulishika vumbi likawa utando mweusi usiotoka kwa kupuliza. Kata kipande cha chandarua cha zamani, kikunje mara mbili, kifunge mbele ya feni au matundu ya kuingizia hewa. Kinazuia vumbi kubwa, mende, nyigu na mijusi. Mjusi akiingia usiku kutafuta joto na kukanyaga saketi, hufa yeye na chombo. Kifue chandarua hicho kila wiki wakati wa kiangazi, kwa kuwa kikijaa vumbi kitaziba kuliko kitambaa cha mama.

Ndani isafishwe walau mara mbili kwa mwaka, na moja iwe mvua za Novemba zinapoanza na vumbi kutulia. Chomoa waya ukutani, usubiri, kapasita kubwa hushika umeme hata chombo kikiwa kimezimwa. Kama hujui kuzipima, mwachie fundi. Tumia brashi ya rangi iliyo kavu na blowa. Feni ya ndani izuie kwa kijiti isizunguke unapoipuliza, maana ikizungushwa kwa kasi huharibu bushi zake na inaweza kurudisha umeme kwenye saketi. Fundi akibadilisha transista, mwulize kama ameweka grisi nyeupe ya kupooza na kama karatasi ya maika imerudi mahali pake. Atakuona msumbufu. Vumilia.

Kupima

Kipimo cha kwanza ni mkono. Tumia mgongo wa mkono, usitumie kiganja: kama bati lina hitilafu ya umeme, kiganja hujifunga na kushikilia, mgongo wa mkono hujiondoa. Ukiweza kuuacha pale bila taabu, uko chini ya nyuzi 45 hivi. Ukihesabu sekunde chache na kutaka kuuondoa, ni 50 na kitu. Ukiruka palepale, umeshafika 60, na hapo panga upya leo leo. Hitisinki iliyoachwa wazi kwa nje inaruhusiwa kuwa ya moto zaidi ya kasha, ndiyo kazi yake. Kasha la king'amuzi au intafesi halina ruhusa hiyo.

Ukitaka namba, mita za kidijitali za mafundi mara nyingi huja na waya wa kupimia joto. Kipimajoto cha homa usikitumie, kinaishia kwenye nyuzi 42 au 43, na vile vya kuelekeza kwenye paji la uso vilivyojaa wakati wa korona navyo vilitengenezwa kwa joto la mwili. Vile vya viwandani vinafaa, ila bati linalong'aa huvidanganya vikasoma chini. Bandika kipande cha utepe mweusi wa umeme juu ya bati, subiri dakika chache, kisha elekeza kwenye utepe.

Pima kwa haki. Cheza orodha ile ile ya nyimbo, volyumu ile ile, saa ile ile ya mchana, kwa saa moja nzima, kwanza mnara ukiwa kama ulivyokuwa, halafu baada ya kuupanga. Anza na "Leka Dutigite" ya Kigoma All Stars ya mwaka 2012 kama unataka wimbo wa nyumbani. Amplifaya haijali ni bendi gani, inajali besi, kwa sababu besi ndiyo inayokula umeme mwingi. Andika namba mbili hizo ukutani kwa penseli. Kiangazi kijacho zikipanda bila wewe kubadilisha kitu, ni vumbi au kapasita.

Ikikata katikati ya kazi

Usizime na kuwasha mfululizo. Shusha volyumu mpaka chini, ondoa kilicho juu, na kama feni ya ndani inazunguka iache chombo kiwake bila muziki dakika kumi, kwa maana ukikizima feni inasimama na joto la hitisinki linabaki ndani. Kama hakina feni, kizime, kigeuzie mgongo upepo unakotoka, usubiri nusu saa. Usimwagie maji, usiweke kitambaa kibichi, na chupa ya maji ya baridi kutoka kwenye friji isikae juu yake, itatoa jasho na matone yataingia matunduni.

Amplifaya ikirudi na kukata tena bila kitu juu yake, toa nyaya za spika zote nyuma na uiwashe tupu. Ikikaa, shida iko kwenye spika au nyaya zake, pengine nyuzi mbili za waya zinagusana nyuma ya boksi. Ikikata hata ikiwa tupu, peleka kwa fundi. Fyuzi ikiungua, weka ya ampea zile zile zilizoandikwa kwenye kasha. Ile karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, au uzi wa waya unaozungushwa kwenye fyuzi iliyokufa, haiungui pale inapotakiwa kuungua, na kinachoungua badala yake ni transfoma.

Na ukisikia harufu ya rangi inayoungua au ya samaki aliyechacha wakati jirani hakaangi kitu, hiyo ni plastiki ya waya au ya soketi inayoyeyuka. Anza kwenye ekstensheni, siyo kwenye amplifaya: zima kwenye swichi ya ukutani, chomoa, kisha shika kila plagi moja moja uone ipi ina joto.